Ukaguzi wa Jumapili

Edda Harmsen alikuwa mtu wa kuridhika, na watu wa kuridhika huwakera wenzao bila hata kukusudia. Ukimuuliza hali alikujibu ni nzuri, na kweli ilikuwa nzuri. Alikuwa na miaka hamsini na saba, magoti yanayolia akipanda ngazi, chumba na jiko juu ya mabanda ya farasi ya Bwana Ahrens, na nje kidogo ya kijiji kiwanja cha majani alichorithi kwa mama yake, chenye miti miwili ya matofaa na ua alioujenga kwa mikono yake. Kiwanja hicho kilikuwa kitupu. Kila alipokipita, alimwona humo kwa jicho la moyo farasi mmoja wa rangi ya kahawia, mwenye baka jeupe puani, akila majani bila haraka ya kwenda popote. Hilo ndilo jambo la pekee alilolitaka duniani na hakuwa nalo, na hakuwahi kumwambia mtu.

Farasi mwenyewe aliitwa Quendel. Jumapili hiyo ya mwisho wa Agosti, saa mbili asubuhi, alikuwa amesimama katika banda la wageni huko Wiesenrode, miguu yote minne imefungwa mifuko ya barafu, akimtafunia Edda ukingo wa kofia.

"Itafune tu," Edda alimwambia huku akimsuka singa za shingoni. "Ya mwaka jana uliimaliza, na hii imalize."

Quendel alikuwa na miaka kumi na sita, umri ambao farasi wengi wa kazi yake wameshasahauliwa. Alikuwa ndani ya mashindano ya ubingwa wa Ulaya, yale ya farasi wanaotakiwa kuweza kila kitu. Ijumaa alicheza mwendo wa madaha uwanjani, hatua kwa hatua, kama mtu aliyealikwa kwa mfalme. Jumamosi alikimbia mbio za nyika, karibu kilomita sita za magogo, mitaro, ngazi na maji, vitu ambavyo mtu mwenye akili timamu huvizunguka. Leo kazi iliyobaki ilikuwa kuruka viunzi uwanjani. Lakini kabla ya viunzi kulikuwa na ukaguzi, na hakuna kinachowakausha mate watu wa farasi kama ukaguzi wa asubuhi ya mwisho. Farasi anapelekwa mbele ya majaji watatu na daktari wa mifugo. Anakwenda telki kwenye njia nyoofu, ule mwendo wa kati, si wa kutembea wala si wa shoti, anageuka, anarudi. Akionekana mzima, kipaza sauti kinasema "amekubaliwa". Akichechemea hata kidogo, safari yake imeishia hapo, na mengine atayasikia akiwa kwenye lori.

Timu ya Ujerumani ilikuwa ya pili, nyuma ya Waingereza. Mmoja wa Wajerumani alitumbukia majini Jumamosi akatoka mashindanoni, wakabaki watatu, na watatu ndio idadi inayotakiwa. Quendel akikataliwa, hakuna timu.

Hayo yalikuwa mashaka ya kila mtu. Edda alikuwa na lake peke yake.

Lilianza Ijumaa, wakati wa kifungua kinywa. Edda alikuwa amekaa juu ya sanduku la vifaa, mkononi mkate wenye nyama mbichi ya kusaga na vitunguu, Bwana Gerloff Ahrens alipokuja na kikombe chake cha kahawa. Huyu Ahrens ndiye mwenye farasi: mzee wa miaka sabini na minne, mjane, mkulima wa viazi, mtu ambaye maneno yake kwa siku ungeweza kuyahesabu kwa vidole na vidole vikabaki.

"Moin," alisalimu.

"Moin."

Akanywa kahawa. Akatazama anga. "Nimepata mtu, Edda."

"Hongera. Harusi lini?"

"Wa kumnunua Quendel. Acha masihara." Akakaa kando yake. "Mwanamke kutoka Denmark, daktari wa meno. Anataka farasi mzoefu wa kumfundisha yeye, vijishindano vidogo vidogo vya kwao. Mtu mzuri. Ana sharti moja tu, farasi amalize mashindano haya akiwa mzima."

Edda alitafuna mkate wake mpaka ukalainika kupita kiasi. "Na asipomaliza?"

"Asipomaliza, hamtaki. Hapo mchukue wewe. Mpeleke kwenye majani yako, mzeeke pamoja."

Alilisema kama utani, lakini Ahrens hakuwa na desturi ya kusema jambo mara mbili wala ya kulirudisha. Edda alijibu "sawa" kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mvua itanyesha, akaenda kuosha ndoo ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Tangu hapo mambo mawili yalikaa kifuani mwake yakisukumana. Jumamosi alisimama kwenye kamba karibu na mto, roho mkononi, akimwona Quendel anashuka ngazi za maji kana kwamba ndiye aliyezichimba, akapiga kelele "twende baba!" mpaka mama mmoja Mfaransa akahama. Alitaka amalize. Kisha alipokuwa akikimbilia mstari wa mwisho na ndoo zake, moyo ukamnong'oneza kwamba akimaliza na kesho, basi Mdenmaki atamchukua. Aliuambia moyo unyamaze. Ulinyamaza kama mtoto anavyonyamaza, yaani kwa kitambo.

Pale mstarini ndipo lilipotokea lile ambalo hakuna aliyeliona, ingawa watu kumi na mmoja walikuwepo. Wiebke Thordsen, mpanda farasi, alishuka akiwa amelowa tope hadi kwenye nyusi, anacheka, anabusu kila kilicho mbele yake. Watu wakamzunguka Quendel: wa maji, wa barafu, wa kupima mapigo ya moyo, wa kushika kila kifundo na kila mshipa. Quendel, kwa furaha na joto, akarudi nyuma hatua moja, na kwato yake ya kushoto ikatua juu ya mguu wa Wiebke. Wiebke alitoa neno moja ambalo mama yake asingelipenda. "Miguu yake vipi?" akauliza papo hapo, na watu wote kumi na mmoja wakainama kumtazama farasi.

Ndivyo walivyo watu hawa. Farasi akikohoa wanaitwa madaktari watatu. Mtu akivunjika mkono, anaulizwa kama mwingine bado unaweza kushika hatamu. Jioni hiyo nzima miguu minne ilikandwa, ikapozwa, ikapakwa udongo, ikafungwa na kufunguliwa, na ile miwili mingine ikaenda zake kulala bila hata kuulizwa hali.

Sasa Jumapili Wiebke alitokea bandani amevaa kama bibi harusi wa pili. Wapanda farasi huvaa hivyo kwa ukaguzi, na hata zawadi ipo ya aliyependeza kuliko wote, jambo ambalo Edda aliliona la kipuuzi kwa miaka ishirini na saba bila kuacha kuwa na maoni juu yake.

"Suti ya rangi ya maziwa," alisema. "Kwenye banda la farasi."

"Imenigharimu mwezi mzima, usiiguse." Wiebke aliegemea mlango. Alikuwa amevaa buti fupi mpya, zenye kisigino. "Amelalaje?"

"Kuliko wewe. Uso wako kama jibini."

"Wasiwasi tu."

Edda alitaka kumwuliza zaidi, lakini hapo nyuma ya Wiebke akachomoza mwanamke wa umri wa miaka hamsini hivi, mfupi, miwani mikubwa, viatu vyeupe vya mazoezi, mfuko wa karoti mkononi. Alitembea kama mtu anayeingia kanisa lisilo lake.

"Samahani," alisema. "Mimi ni Dorthe Kragelund, kutoka Denmark. Nilitaka tu kumsalimia. Nimemletea hizi."

Edda alichungulia mfukoni. Karoti zilikuwa zimemenywa, zimekatwa vipande vinavyolingana.

"Umezimenya," alisema Edda.

"Ndiyo, nilidhani..."

"Ana meno. Wewe wa kwanza ungejua."

Wiebke alimkazia macho. Dorthe aliona haya, akacheka, akampa Quendel kipande kimoja kiganjani, na Quendel, msaliti mkubwa, akakipokea kwa adabu zote kisha akautafuta mfuko. Edda aligeuka akaendelea kufungua barafu. Hakumchukia yule mwanamke. Angependa sana kumchukia, ingemrahisishia kazi.

Njia ya ukaguzi ilikuwa mbele ya jumba la zamani la shamba, lami iliyofagiwa, maua ya zambarau ya nyikani yamepangwa kwenye vyungu pande zote mbili. Watu walijaa kwenye kamba. Majaji walisimama katikati: Bwana Taillefer, Mfaransa mrefu mwenye kofia ya majani, ndiye aliyekuwa mkubwa wao, kulia na kushoto kwake wenzake wawili, na daktari wa mifugo ameinama kama anayetafuta sarafu. Farasi walipita mmoja mmoja. Amekubaliwa. Amekubaliwa. Watu wakapiga makofi ya adabu.

Edda alisimama mahali pake pa siku zote, nyuma ya kamba na ndoo, kitambaa begani.

Quendel akaitwa. Wiebke alimshika hatamu, akatabasamu kwa majaji, akaanza kukimbia. Na Edda akaona. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu: kichwa cha Quendel kikachomoka juu, kikashuka, kikachomoka. Alikuwa anachechemea. Si sana, lakini hata mtoto angeona. Kwenye kamba watu wakavuta pumzi kwa pamoja. Waligeuka mwisho wa njia, wakarudi, na ikawa ileile.

Bwana Taillefer aliinamisha kofia kwa mwenzake wa kulia, kisha kwa wa kushoto. Akanyoosha mkono kuelekea pembeni. Banda la kusubiri. Huko ndiko anakopelekwa farasi mwenye shaka, akaguliwe, aletwe mara ya pili na ya mwisho.

"Hapana," alisema Bwana Ahrens taratibu, kando ya Edda. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Edda aliacha ndoo akaenda mbio. Bandani daktari wa pili alikuwa ameshaanza, mama mmoja Mholanzi mwenye mikono ya mpiga kinanda. Alibonyeza kila kwato, akakunja kila kiungo, akapapasa mishipa. Quendel alimwangalia kwa subira. Daktari akainuka, akajipangusa.

"Sioni kitu," alisema. "Hana joto popote, hana maumivu. Sielewi. Nitawaambia hivyohivyo, lakini macho yao nayo yaliona. Mna dakika kumi." Akatoka.

Wiebke alijiinamia ukutani, machozi yakamshuka kwenye suti ya maziwa. "Nimemharibu. Jana pale kwenye mtaro nilimsukuma mno. Nimemharibu mzee wangu, Edda."

Edda hakumsikiliza. Alikuwa anatazama chini. Wiebke alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kama korongo, na ule wa kushoto umegusa sakafu kwa ncha tu.

"Vua kiatu," alisema Edda.

"Nini?"

"Kiatu. Vua."

"Si wakati wa..."

"Wiebke, nitakivua kwa koleo la kwato."

Kilitoka kwa shida, na soksi ikafuata. Mguu ulikuwa umevimba kama mkate uliokolea hamira, rangi ya zambarau kushinda maua ya nje. Wakautazama wote wawili, na Quendel akashusha pua akaunusa.

"Tangu jana?" Edda aliuliza.

"Ningemwambia daktari wa timu angenizuia kupanda. Nikasema nijikaze tu, ni hatua thelathini kwenda na thelathini kurudi."

"Nawe umejikaza huku unachechemea, mama. Wewe ndiye kilema hapa. Yeye anakuiga."

Wiebke alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya chenye kwikwi ndani yake, maana alijua ni kweli. Quendel alijifunza telki akiwa na miaka mitano, kwenye njia ya vumbi kando ya viazi vya Ahrens, farasi mkubwa asiyejua aiweke wapi miguu yake. Edda ndiye aliyemfundisha, asubuhi baada ya asubuhi, akikimbia begani kwake. Akirefusha hatua, Quendel alirefusha. Siku goti lilipomuuma, Quendel naye alipunguza. Tangu hapo alichukua mwendo wa yeyote aliye begani kwake.

"Aende mtu mwingine naye," alisema Wiebke, tayari anaruka kwa mguu mmoja kuelekea mlangoni. "Kanuni inasema mpanda farasi, lakini mkubwa wa majaji anaweza kutoa ruhusa. Bwana Ahrens!"

"Nyonga yangu," alijibu Ahrens kutoka nje. "Nikikimbia mimi, mtatuzika wawili."

Basi Wiebke akaenda mwenyewe, suti ya maziwa, mguu mmoja peku, buti mkononi, akaruka mpaka mbele ya Bwana Taillefer kwenye macho ya watu elfu mbili. Hakuna aliyejua walichosemezana, ila watu waliona kofia ya majani ikiinama kuutazama mguu, ikakaa hapo muda, ikainuka. Mzee yule alikuwa anajizuia kucheka.

"Amekubali," Wiebke alirudi akihema. "Nimemwambia utakwenda wewe."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Quendel anakujua kuliko anavyonijua mimi. Edda, nakuomba. Ni wewe tu."

Akamwekea hatamu mkononi. Edda alikuwa na buti zake za mpira, aproni yenye manyoya ya farasi, na kofia iliyotafunwa.

Hapo ndipo lile la kifuani liliponyanyuka. Alisimama mdomoni mwa njia, Quendel kando yake, na akaelewa kitu ambacho hakuna mwingine aliyekielewa, au ndivyo alivyodhani. Goti lake la kulia lilikuwa bovu kweli. Kila mtu alijua. Angelilegeza kidogo tu, hatua tatu nne, na Quendel angelilegeza pamoja naye. Majaji wangetikisa vichwa. Mdenmaki angekunja mfuko wake wa karoti akaenda zake. Timu ingelia, ndiyo, lakini timu hulia na kusahau, mwakani ingekuwa na farasi wengine. Jioni ya leo lori lingeingia kijijini, lingepita mabanda ya Ahrens, lingesimama kwenye miti miwili ya matofaa. Asingekuwa ameiba kitu. Asingekuwa amesema hata neno la uongo. Jinsi lilivyokuwa jepesi ilimtisha.

Bwana Taillefer aliinua mkono.

Edda akaanza kukimbia, na kwa hatua mbili za kwanza, haki ya Mungu, hakujua atafanya nini. Alisikia kwato zikianza kando yake. Alisikia pumzi. Quendel alikuwa ameshamsogelea bega, sikio moja limelala upande wake, anasubiri apewe mwendo, kama alivyosubiri kwenye njia ya vumbi miaka kumi na moja iliyopita wakati hakuna aliyemdhania kuwa kitu. Alikuwa tayari kuchukua chochote atakachopewa. Angempa kilema, angekichukua kilema, akakibeba mbele ya watu wote wale, yeye ambaye jana alizishuka zile ngazi.

Edda aliona aibu. Ilimpanda ghafla, ikamwenea mwili mzima, na baada yake ikaja hasira ya kujikasirikia, na hasira ile ikaingia miguuni. Alinyoosha mgongo. Aliliambia goti lake maneno ambayo hayaandikiki. Akarefusha hatua kama msichana, buti za mpira zikipiga lami, aproni ikimpepea, na Quendel akarefusha pamoja naye, sawasawa, kichwa kimetulia, kwato nne zikihesabu kama saa ya ukutani. Waligeuka. Walirudi. Goti lilimchoma kama moto na hakulipunguzia hata kidogo. Pale alipowapita majaji daktari wa mifugo alikuwa ameinuka, anatabasamu.

"Quendel," kilisema kipaza sauti. "Amekubaliwa."

Watu walilipuka. Hayakuwa makofi ya adabu safari hii, ni vifijo, miluzi, kofia juu. Edda alimsimamisha Quendel kwenye kona ya jumba, akaegemeza paji la uso kwenye shingo yake, akalia. Wiebke alimfikia akirukaruka, akamkumbatia kwa nyuma, analia naye, anasema asante, asante, furaha iliyoje. Edda alitikisa kichwa kukubali. Furaha ilikuwemo.

Mengine yaliyofuata yaliandikwa magazetini. Daktari wa timu aliutazama mguu wa Wiebke, akamgombeza nusu saa, akaona haujavunjika, akaufunga. Mchana Wiebke alipanda akiwa ameuma meno, Quendel akaangusha kiunzi kimoja na kuviruka vingine vyote masikio yakiwa mbele, na Ujerumani ikabaki pale ilipokuwa, ya pili. Wiebke akavishwa medali ya fedha. Akaivua, akamvisha Quendel, na Quendel akajaribu kuila.

Walipokuwa wakifungasha, Bwana Ahrens alikuja akakaa juu ya sanduku la vifaa. Edda alikunja blanketi la kwanza, la pili, la tatu.

"Ungeweza," alisema mzee hatimaye.

"Kuweza nini?"

"Usinifanye mjinga. Njia ile ya viazi, mwaka ule wote, mimi nilikuwa nyuma yenu na trekta. Najua anavyokuiga." Akasugua nyonga. "Nilikaa kimya makusudi. Nikasema, shauri lake. Ungechechemea, nisingekulaumu."

Edda aliliweka blanketi chini. Alikaa kando yake, akamega kipande cha keki ya siagi aliyokuja nayo mzee kwenye karatasi, wakala. Alishangaa kuona kwamba keki ni tamu na kwamba yeye ana njaa. Alijipapasa moyo kama mtu anayepapasa jino lililokuwa likiuma, akakuta panauma, lakini hapajaoza.

"Nenda ukamwone yule mama," alisema Ahrens. "Amesimama pale nje saa nzima. Anakuogopa."

Dorthe Kragelund alikuwa amesimama kwenye lami ya ukaguzi, peke yake, mikono mfukoni. Vyungu vya maua vilikuwa vinaondolewa. Alipomwona Edda akasimama wima kama mwanafunzi.

"Bi Edda, nitakwambia ukweli," alisema. "Nimetazama vinywa vya watu miaka ishirini na sita, na nimemtaka farasi huyu tangu nilipomwona kwenye televisheni. Na sasa nimempata nina hofu. Asubuhi nilipoona unavyokimbia naye, nikajua sijui kitu. Nitamharibu."

Edda alimtazama kuanzia miwani hadi viatu. Alitafuta kwa mara ya mwisho cha kumchukia, akaona ameacha.

"Subiri hapo," alisema.

Alirudi na Quendel, singa bado zimesukwa, medali imeshaondolewa. Akamwekea Dorthe hatamu mkononi, akamsogeza bega mpaka likakutana na bega la farasi.

"Hapa ndipo mahali pako. Si mbele, si nyuma. Na usimtazame. Ukimtazama anadhani kuna tatizo."

"Nitazame wapi?"

"Unakokwenda. Kimbia kama mtu anayejua aendako, hata kama hujui. Ukisita, naye atasita. Ukichechemea, atachechemea, hata akiwa mzima. Kwa hiyo siku ukiumwa, mpe mtu mwingine. Umesikia? Hilo ndilo la kwanza la kuandika ukutani."

"Na karoti?"

"Nzima. Na maganda yake."

Mara ya kwanza walikwenda vibaya, Dorthe akigeuka kila hatua kumwangalia, Quendel akisimama kuuliza kulikoni. Mara ya pili Edda alikwenda akasimama katikati ya njia, pale walipokuwa majaji, akapaza sauti: "Mbele, mama! Mbele! Mimi ndiye wa kutazama, siyo wewe!" Na Dorthe akakaza shingo, akakimbia, mfupi, miwani ikimrukaruka, lakini akakimbia.

Miaka kumi na moja Edda alikuwa begani kwa Quendel au pembeni nyuma ya kamba, kwa hiyo hakuwahi kumwona anavyomjia uso kwa uso. Sasa alimwona. Alikuja amenyooka, mkubwa, jua la jioni likimwaka kifuani, kwato nne sawa, hatua zake amezifupisha kidogo zilingane na za yule mwanamke mfupi. Aliyapita maua yaliyobaki, akampita Edda karibu kiasi cha kumgusa, masikio mbele. Hakugeuza kichwa kumtazama. Ndivyo Edda alivyomfundisha.